Pande Akwama Dirisha Dogo

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho mwaka ule wa mvua nyingi, na kamati bado inakaa. Nasema inakaa kwa maana ya kukaa: wajumbe wako kwenye viti, tumewaona kwa macho. Kwetu neno likishatamkwa na mkubwa hufuatwa kama lilivyo, herufi kwa herufi, na mtu akidai lilikusudiwa vingine huulizwa kama yeye anaijua lugha kuliko Mheshimiwa. Wageni hucheka. Sisi tumezoea, na mimi binafsi naamini utaratibu huu una faida zake, ingawa leo hazinijii haraka.

Basi Waziri wetu wa Michezo na Mambo Yanayofanana na Michezo, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Eustaki Ngwamba, alihudhuria mkutano ng'ambo, akasikia kwamba nchi zote zilizoendelea zina dirisha la usajili, na kwamba mchezaji hahami timu ila kwa kupitia hapo. Alirudi amenuna. Alilizunguka jengo zima la wizara asione dirisha la namna hiyo. Kabla mwezi haujaisha mafundi waliitwa na ukuta ukatobolewa mara mbili. Dirisha kubwa, la Juni, linapitisha ng'ombe pamoja na mchungaji wake. Fundi alipouliza vipimo vya lile la Januari, Mheshimiwa alimjibu kwa ukali, "Kwani wewe husikii linavyoitwa? Si dirisha dogo?" Fundi akaacha tundu la futi moja na nusu kila upande.

Toka siku hiyo mchezaji anayehama husimama uani kwa wizara akiwa mali ya timu yake ya zamani, huingiza kichwa dirishani, hujivuta, na akishaangukia sakafu ya ofisi huinuka akiwa mali ya timu mpya. Karani humgongea muhuri. Mawinga hupita bila shida. Mabeki wa kati hupakwa mafuta ya nazi, na gharama ya mafuta ni ya timu inayopokea.

*

Mimi naitwa Bakili Mshangama, mweka hazina wa Subira FC, klabu ya mji wa Matanuru. Cheo hiki zamani kilikuwa cha heshima. Nilikuwa na meza, daftari na ufunguo. Halafu Mheshimiwa akatangaza redioni kwamba klabu zinatumia fedha ovyo, na kwamba kuanzia msimu huu kila mbuzi atakula kwa urefu wa kamba yake. Wiki iliyofuata kamba zikaletwa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleweka. Kamati ya Kamba hutazama mapato ya klabu, hukata kamba inayolingana nayo, na katika mwezi wa usajili mweka hazina hufungwa kiunoni na kuunganishwa na kigingi mbele ya ofisi ya klabu, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Klabu inaruhusiwa kununua kile tu ambacho mkono wake unakifikia. Kamba yetu ilikuwa ya katani, mita moja na robo. Siku ya kwanza nilifikia ukuta. Siku ya pili nilifikia ukuta uleule, na nikaanza kuufahamu.

Siku ya tatu mama mmoja muuza machungwa alikaa kupumzika karibu nami. Wachezaji wetu walikuwa mazoezini na jua lilikuwa kali. Chungwa moja lilibingirika kutoka kwenye ungo wake likasimama mbele yangu kidogo, mbali na mkono. Nikafikiri, nikajilaza chini, nikanyoosha mguu. Dole gumba likaligusa. Nilipolivuta na kumlipa yule mama, mtu aliyekuwa amesimama kando muda wote, ambaye nilidhani anasubiri usafiri, alitoa futi kamba mfukoni akapima. Alikuwa mkaguzi.

"Mmezidi inchi nne," alisema, akaandika.

*

Habari ilifika kwenye banda umiza la Bi Mwanahija kabla yangu. Hapo ndipo mji wote hutazama mpira, kwenye mabenchi ya mbao, mbele ya televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kimia cha chuma isije ikapigwa ngumi. Bi Mwanahija ana miaka sitini na mitatu, ndiye mwenye banda, na kadi yake ya uanachama wa Subira ni namba tatu. Wenye namba moja na mbili wameshafariki.

"Kanuni ni kanuni," alisema Sefania. Huyu Sefania huuza chaja za simu mlangoni pa banda, na ni shabiki wa Utukufu FC ya mji mkuu, ambako hajawahi kufika. "Mmekula nje ya kamba, sasa mnalia nini? Nyie timu ndogo mna tabia ya kujitanua."

"Tumejitanua wapi?" Bi Mwanahija alifoka. "Chungwa moja, Sefania! Na lenyewe lilijaa mbegu!"

"Leo chungwa, kesho mtataka straika."

"Haya, na mweka hazina wenu? Juzi kaonekana ng'ambo anasajili watu watatu, na kamba yake kiunoni. Kamba gani hiyo inayovuka bahari?"

"Kamba ya mpira, bi mkubwa," Sefania alijibu taratibu, kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Someni kanuni, ukurasa wa kwanza. 'Kila klabu itapewa kamba ya mpira.' Sisi yetu ikatengenezwa kwa mpira. Inavutika. Kosa liko wapi?"

"Usinipige kamba, Sefania."

"Sikupigi kamba. Nakusomea."

Bahati mbaya alikuwa sahihi. Kanuni iliandikwa hivyohivyo. Nilipowahi kuuliza kwa nini yetu ni ya katani, Kamati ilinijibu kwa barua kwamba mpira uliisha baada ya kutengenezwa kamba ya Utukufu, kwa sababu ilihitaji mpira mwingi.

Ubishi uliendelea hadi mechi ikaanza na ikaisha pasipo mtu kuitazama. Mmoja alisema kanuni hizi zipo ili timu kubwa zisifilisike. Mwingine akauliza ni timu gani kubwa iliyowahi kufilisika, akatajiwa tatu, zote ndogo. Mimi nilikaa benchi la nyuma nimeuficha mguu wangu chini ya benchi.

*

Hukumu ilikuja baada ya siku nne. Kwa mujibu wa kanuni, klabu iliyozidisha matumizi "itapunguza mzigo." Niliuliza mzigo upi. Wajumbe wa Kamati walitazamana, wakashangaa swali. Wakaleta mizani ya kupimia magunia ya mahindi, wakawapima wachezaji wetu mmoja mmoja katikati ya uwanja.

Mzito kuliko wote alikuwa Gervas Nambole, golikipa wetu. Kilo mia moja na nane. Kwetu hakuna anayemwita Gervas. Tunamwita Pande, kwa kuwa ni pande la mtu, na amekaa golini kwetu misimu kumi na minne, akija na kurudi kwa baiskeli ambayo siku nyingi haina tandiko. Timu nyingine zilipiga mipira ya juu, ya chini na ya pembeni. Yote ilimkuta palepale.

Utukufu walitangaza siku ileile kwamba wanamchukua. Walikuwa na magolikipa watatu tayari. Sefania mwenyewe alikiri kwamba hakuona wa nini. Lakini mimi nilikuwa naujua ukurasa wa mwisho wa kanuni, kwa hiyo nilielewa, na sikulala vizuri tena. Ukurasa huo unasema kwamba kila Jumamosi asubuhi ofisa atahesabu wachezaji wa kila klabu, na klabu yenye pungufu ya kumi na mmoja itafutwa. Ofisa huyo hutembea na kitambaa chenye maji. Jina la klabu liko ubaoni wizarani na jingine getini kwa klabu, naye huyafuta yote mawili. Klabu ikishafutika, uwanja wake hupewa jirani mwenye uhitaji. Utukufu walikuwa wameshaandika barua kwamba wanahitaji mahali pa kuegesha mabasi, siku watakapopita Matanuru.

Sisi tulikuwa na wachezaji kumi na mmoja. Wengine walishaondoka dirisha la Juni. Pande akienda, tunabaki kumi, na Jumamosi kitambaa kinakuja. Na yote haya kwa dole langu.

*

Jumatatu ya mwisho ya Januari tulimsindikiza Pande wizarani, kwa lori la mchanga, mwendo wa saa mbili. Mimi niliweza kwenda kwa kuwa kamba yangu ilikuwa imechukuliwa kama kidhibiti. Tulikuwa wachezaji kumi, mashabiki kama thelathini, Bi Mwanahija mbele kwa dereva, na Sefania, aliyesema anakwenda kumpokea.

Uani, Pande alivua jezi ya Subira, akaikunja vizuri, akanikabidhi.

"Usijilaumu, Bakili," aliniambia. "Lile chungwa nililila mimi."

Nikaikumbatia jezi kifuani.

Aliingiza kichwa saa tisa na dakika kumi. Ikafuata mikono, kisha mabega kwa taabu, kisha kifua. Tumbo likagoma. Ndani, karani wa dirisha, mtu mmoja mpole aitwaye Simplisi, alimshika mikono akavuta. Sisi wa nje sheria ilitutaka tusukume. Tulisukuma kama watu wanaosukuma gari la anayewadai. Bi Mwanahija, nina hakika, alikuwa anavuta.

Ilipotimu saa tisa na nusu, saa ya kufunga, Simplisi alisimama. "Nafunga dirisha," alitangaza. Akalivuta bawa la dirisha likampiga Pande ubavuni. Akajaribu tena. Mara ya tatu Pande alimwambia kwa upole kwamba halitafunga, na Simplisi akafungua kitabu.

"'Dirisha lisilofungwa liko wazi,'" alisoma kwa sauti. Akafunua ukurasa wa pili. "'Karani haruhusiwi kuondoka dirisha likiwa wazi.'"

Akaketi, akampigia simu mkewe asimwekee chakula.

*

Jumanne Mheshimiwa Waziri alifika mwenyewe, na magari saba. Alikagua kichwa ndani, akatoka nje akakagua miguu, akahutubia waandishi akiwa amesimama karibu na miguu kwa kuwa upande huo ndio uliokuwa na kivuli.

"Ndugu wananchi," alisema, "zipo kauli za upotoshaji kwamba kuna mtu amekwama. Serikali yenu sikivu haijakwamisha mtu. Mchezaji huyu anahama kwa awamu. Awamu ya kwanza imekamilika kwa asilimia hamsini na tano, na wataalamu wetu wanaendelea na mchakato wa kuwezesha ukamilishwaji wa awamu ya pili."

Mwandishi mmoja aliuliza awamu ya pili itakamilika vipi.

"Atapungua," alisema Mheshimiwa.

Akatoa amri Pande asipewe chakula hata kidogo. Daktari wa wizara alipiga hesabu: uzito wa mabega uko upande wa ndani, kwa hiyo tumbo likilegea ataanguka ofisini, yaani upande wa Utukufu, Ijumaa au kabla. Redioni wachambuzi waliligawana suala hili siku tatu mfululizo. Mmoja alisema kiufundi mchezaji yuko kipindi cha mpito. Mwingine alisema kipa hupimwa kwa mikono, na mikono iko kwa Utukufu, mjadala umefungwa. Wa tatu akasema mjadala haujafungwa kwa kuwa hata dirisha halijafungwa. Simu za wasikilizaji zilikatika mara kwa mara, hasa za kutoka Matanuru.

Sisi tulibaki uani tukiilinda miguu. Mchana tuliikinga jua kwa mwavuli, tukaibadilishia soksi. Jumatano alasiri wenzangu walipokwenda kutafuta maji nilibaki nayo peke yangu. Nikaiomba radhi. Niliiambia habari ya lile dole, na inchi nne, na jinsi ambavyo ningelikata kama lingerudisha mambo nyuma. Mguu wa kulia ulinipiga teke dogo la tumboni. Nililichukulia kuwa ni msamaha, maana wa kushoto ndio wake wa hasira.

Lakini nilipomshika kiuno, vidole vyangu viwili viliingia kati ya mwili na fremu. Asubuhi vilikuwa haviingii.

*

Tatizo lilikuwa wazi. Ili Subira iivuke Jumamosi, Pande alitakiwa ale. Ila sisi tulikuwa na miguu, na mdomo ulikuwa ofisini.

Bi Mwanahija alizunguka mlango wa mbele kama raia yeyote, nami nyuma yake. Ukutani juu ya Simplisi palikuwa na bango kubwa: NI MARUFUKU KUTOA KITU KIDOGO KATIKA OFISI HII. Simplisi alituonyesha bango kabla hatujasalimia.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini mimi miaka kumi na tisa sijapokea kitu kidogo. Hata peremende. Soma."

Bi Mwanahija alisoma neno kwa neno. Pande, kichwa kikining'inia, alijitahidi kutabasamu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Njaa tu. Miguu yangu ipo?"

"Ipo, na soksi safi." Akamgeukia karani. "Kwa hiyo, baba, kidogo ndicho kilichokatazwa?"

Simplisi alilifikiria swali hilo kwa uaminifu mkubwa. "Ndivyo kilivyoandikwa."

Alhamisi asubuhi liliingia sufuria la pilau la arusi, lile la kuazima msikitini, linalobebwa na watu wanne kwa mti. Mmoja wa wabebaji alikuwa Sefania. Wenzake wa Utukufu waliokuwa kwenye foleni ya kukitazama kichwa walimzomea.

"Nyamazeni!" aliwafokea. "Kichwa ni cha nani? Si chetu? Mchezaji wa Utukufu afe njaa mbele yangu, halafu nikirudi Matanuru niseme nini?"

Simplisi alilizunguka sufuria. Akajaribu kuliinua, likakataa. Akachukua kalamu akaandika kwenye daftari la ofisi: "Kimepokelewa kikubwa." Kisha akanawa, akavuta kiti, akaanza kumlisha Pande kwa kijiko, na kila baada ya vijiko vitano akala kimoja, kwa kuwa hakuna kifungu kilichomkataza. Jioni sikuweza kuingiza hata kucha kati ya kiuno na fremu.

Ijumaa lililetwa la ndizi na nyama.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi ofisa alifika Matanuru na kitambaa chake, akakuta wachezaji kumi, tuliorudi nao usiku, wamejipanga na aya ya kanuni imeandikwa kwa chokaa uwanjani, mkono wa Bi Mwanahija: MCHEZAJI ASIYEMALIZA KUPITA DIRISHA HAJAHAMA. Ilibidi aandamane nasi kwa lori hadi wizarani, kwa sababu kumi bila huyo wa dirishani ni hesabu pungufu, na hesabu pungufu humfukuzisha kazi. Mheshimiwa Waziri alikuwa tayari ameketi uani chini ya turubai, na viongozi wa Utukufu kushoto kwake.

Ofisa alifungua kitabu. "'Wachezaji watahesabiwa kwa vichwa,'" alisoma. Aliwahesabu wetu, vichwa kumi. Akausogelea ukuta akatazama. Upande wetu palikuwa na miguu tu; kichwa kilikuwa ndani, upande wa Utukufu. "Kumi," alisema, na akaanza kukikunjua kitambaa.

Hata Sefania aliangalia chini.

"Ngoja, baba," alisema Bi Mwanahija. "Hicho kitabu kinaitwaje?"

"Mama, hilo si..."

"Kisome jina. Juu hapo, kwenye jalada."

Ofisa alikifunga, akasoma. "Kanuni za Uendeshaji wa Mpira wa Miguu."

"Wa nini?"

"Wa miguu."

"Wa miguu," alirudia Bi Mwanahija, akiwageukia watu wote, akiwemo Waziri. "Kama ungekuwa mpira wa vichwa mngehesabu vichwa. Nani hapa atakayesimama aseme jina la kitabu ni uongo? Mheshimiwa si ndiye aliyelisaini?"

Mheshimiwa alikohoa. Alinong'onezwa na msaidizi wa kulia, kisha na wa kushoto. Kusema jalada limekosea ilikuwa sawa na kusema yeye amekosea, na jambo hilo kwetu halina fomu. "Serikali," alisema hatimaye, "haijawahi kupuuza miguu ya wananchi."

Ofisa akahesabu upya. Miguu ishirini ya waliosimama, na miwili iliyotokeza ukutani, ambayo wakati huo ilikuwa inachezacheza kwa furaha. Ishirini na miwili. Akakunja kitambaa.

Tulipiga kelele hadi njiwa wa wizara wakahama. Mheshimiwa aliona aibu ya kuwa na dirisha lisilofungika mbele ya kamera, akaamuru ukuta ubomolewe. Mafundi wakapiga nyundo, tofali zikashuka, na vumbi lilipotulia Pande alikuwa amesimama palepale, pasipo ndani wala nje. Viongozi wa Utukufu walifungua vitabu vyao. Havikuwa na neno kuhusu mtu aliyesimama pasipo na ukuta. Akanyoosha mgongo, akanijia, akaninyang'anya jezi yake. Saa kumi alasiri tulicheza na Utukufu nyumbani kwetu, kama ratiba ilivyotaka, na Pande akiwa na pilau na ndizi za siku mbili tumboni aliziba goli lote. Bila kwa bila. Nilimkumbatia Sefania, na yeye hakujitoa haraka.

*

Jumatatu iliyofuata ukuta wa wizara ulikuwa umeshajengwa upya. Haukuwa na dirisha, dogo wala kubwa. Mheshimiwa alitangaza kwamba ili kuepusha usumbufu wa aina ile, usajili wote sasa utapitia mlango wa nyuma. Alieleza kwamba mlango huo ulikuwepo siku zote, hauna saa ya kufungwa, hauna msimu, na klabu zenye uzoefu zilikuwa zikiutumia kwa miaka bila malalamiko.

Mlango wa nyuma ni mpana, nimeuona. Mchezaji halazimiki hata kuwepo. Hupita karatasi kwanza, kisha gari humfuata. Pande alifuatwa Jumanne, amechuchumaa anaziba pancha ya baiskeli. Hakuna aliyempima, hakuna aliyempaka mafuta. Alipita bila kugusa. Tuliambiwa kwamba Utukufu wamemfanya golikipa wa nne na kwamba benchi lao liliongezwa kiti. Glavu zake zilibaki zimetundikwa kwenye mwamba wa goli, na nilipozikuta pale nililia. Sioni haya kulisema.

Ijumaa tulikutana bandani. Televisheni ilikuwa imezimwa. Wachezaji wetu walikuwa kumi, na kesho yake kulikuwa na mechi na Dhoruba FC, na kitambaa. Kila mtu aliitazama miguu yake kwa muda, halafu akaanza kukumbuka mambo. Mmoja alikumbuka presha. Mwingine ana mahari ya kupeleka. Mimi, kwa kuwa usajili sasa hauna msimu, nilikuwa nimerudishiwa kamba, na mtu wa kamba haruhusiwi uwanjani. Sefania alisema angecheza kwa moyo mmoja ila dini yake ya Utukufu haimruhusu, akainamisha kichwa.

Bi Mwanahija aliinuka, akatoa glavu za Pande kwenye mfuko wa rambo, akazivaa. Vidole vilibaki vitupu nusu.

"Zinapwaya," alisema.

"Mama," nikamwambia, "una miaka sitini na mitatu."

"Na miguu mingapi?"

Nilimpigia simu Simplisi kuuliza kuhusu usajili. Alifunua kurasa, kisha akaniambia kwamba asiyetoka timu nyingine hahami, na asiyehama hahitaji dirisha wala mlango. Akaomba nimpe salamu zake.

Jumamosi ofisa alifika mapema, kitambaa kimelowa tayari. Kutoka kwenye kigingi changu niliuona uwanja wote. Alimtazama Bi Mwanahija golini, khanga kiunoni juu ya bukta, goti la kushoto limefungwa bandeji. Alifungua kitabu, akatafuta umri, akakosa. Akatafuta mwanamke, akakosa. Alianza kuhesabu kutoka kwa winga wa kulia, akifuata mstari polepole huku midomo ikimcheza, hadi golini. Hapo alisimama kitambo kirefu kuliko kilichohitajika.

"Ishirini na mmoja," alisema. "Ishirini na miwili."

Akaenda getini, akakikamua kitambaa chake mchangani chini ya jina letu, akaondoka. Halafu mechi ikaanza, nasi tukafungwa kumi na tisa kwa bila.